Wakili na Majalada Yake: Tumsomeje John Quinn?

Tarehe 4 Aprili 1958, Maktaba ya Umma ya New York ililipa dola 18,000 kununua furushi la karatasi kuukuu. Muuzaji alikuwa mwanamke aliyezirithi kwa mama yake, na mama yake alizirithi kwa kaka yake, wakili aliyefariki mwaka 1924. Kwa miaka mingi zilikaa ndani ya masanduku na hakuna aliyehangaika nazo. Kumbe humo ndimo zilimokuwa rasimu za The Waste Land, shairi ambalo kila anayesoma fasihi ya Kiingereza chuoni hukutana nalo, apende asipende. Kurasa nyingine za taipu, nyingine za mkono. Ezra Pound amefyeka mistari kwa kalamu, na Vivien, mke wa mshairi, ameandika maoni yake pembeni. Maktaba ikanunua, ikafungia kabatini, ikanyamaza. T. S. Eliot alikuwa bado hai. Alikufa Januari 1965 bila kuambiwa karatasi zake ziko wapi. Habari ikatangazwa mwaka 1968, na mwaka 1971 mjane wake, Valerie Eliot, akazitoa kama kitabu, picha za kurasa zenyewe zikiwa upande mmoja na maandishi yaliyopigwa chapa upande wa pili.

Kisa hiki husimuliwa sana kama kisa cha Eliot na Pound. Mimi nataka tukitazame kwa upande wa yule wakili, John Quinn, kwa sababu nadhani tunamdai maswali magumu zaidi kuliko yale anayoulizwa kwa kawaida. Huyu alinunua, alilipa, alitetea mahakamani, alituma hundi kwa washairi wenye njaa, na kila alichofanya alikiweka kwenye jalada. Barua alizopokea alizitunza. Barua alizotuma alibaki na nakala zake. Hakuna mfadhili wa fasihi ya karne ya 20 aliyetuachia ushahidi mwingi kiasi hiki, wa wema wake na wa ubaya wake pia.

Kwa ufupi, alikuwa nani? Alizaliwa mwaka 1870 huko Ohio, mtoto wa mwoka mikate wa asili ya Ireland. Alisoma sheria Georgetown, kisha Harvard, akahamia New York, na mwaka 1906 akafungua ofisi yake mwenyewe. Wateja wake walikuwa watu wa fedha. Benki ya Taifa ya Biashara ya New York ilikuwa mmoja wao. Hakuoa. Hela iliyoingia kwa mlango wa sheria ilitokea kwa mlango wa sanaa. Alinunua picha na sanamu zaidi ya 2,000 za akina Picasso, Matisse na Brancusi, wakati ambapo matajiri wenzake walikuwa wakizicheka.

Na hakuwa mtu wa kununua tu na kujifungia. Mwaka 1913 alikuwa miongoni mwa nguzo za maonyesho makubwa ya sanaa mpya yaliyofanyika kwenye ghala la silaha la kikosi cha 69, New York, na ndiye aliyehutubia siku ya ufunguzi. Mwaka huohuo alipigana na sheria ya forodha. Sheria ya 1909 iliruhusu sanaa yenye umri wa zaidi ya miaka 20 kuingia Marekani bure, huku kazi ya msanii aliye hai ikitozwa ushuru wa asilimia 15. Maana yake ni kwamba tajiri anayeagiza mchoro wa marehemu halipi kitu, na mwalimu anayetaka kamchoro ka kijana wa Paris anatozwa. Quinn aliandika hoja, akaenda Washington, akawasumbua wabunge mpaka ushuru ule ukaondolewa. Hili peke yake lingetosha kumpa mtu jina la mwananchi mwema. Lakini sisi ni watu wa fasihi, tuingie kwenye barua.

Quinn hakuwa mwandishi mzuri. Nasema hivi nikijua kwamba waliomwandikia walikuwa baadhi ya waandishi bora wa zama zao, kwa hiyo kumlinganisha nao ni kumwonea. Aliwasomea makarani barua zake kwa mdomo nao wakapiga taipu, na hilo linaonekana: sentensi inarudia jambo lililokwishasemwa, malalamiko ya kazi nyingi yanaingia katikati ya habari za uchoraji, ugonjwa wa tumbo unafuatwa na bei ya fremu. Ukisoma barua zake kwa W. B. Yeats, zilizohaririwa na Alan Himber mwaka 1983, utachoka. Mimi nilichoka. Lakini ukivumilia utagundua kitu ambacho waandishi wenyewe hawakuwa nacho. Washairi huandika kuhusu roho na mustakabali wa Ulaya. Quinn anaandika nani analipwa, kiasi gani, lini, kwa sarafu ipi. Kwa mara ya kwanza unaona fasihi ile ya kisasa iliishi kwa kula nini.

Chukua habari ya mzee John Butler Yeats, baba yake mshairi. Alikwenda New York mwishoni mwa 1907 kwa matembezi mafupi, akakataa kurudi Ireland. Alibaki huko hadi kifo chake mwaka 1922, mchoraji mzee asiye na kipato, mwenye mazungumzo matamu na deni la kila mahali. Mwanawe hakuwa na pesa za kumtunza. Basi Quinn na mshairi wakapatana: mshairi atampelekea Quinn miswada yake, na thamani yake itageuzwa kuwa matunzo ya mzee. Hebu fikiria. Mashairi ya mtoto yanalipa kodi ya chumba cha baba. Wapo wanaouona mpango huu kuwa wa kibiashara mno. Mimi nauona wa busara, kwa sababu ulimlinda kila mtu na fedheha. Mzee hakuwa ombaomba, mtoto hakuwa mwana asiyejali wazazi, na Quinn alikuwa na kitu cha kuweka kwenye jalada.

Hapo ndipo penye tabia yake yote. Quinn alijua kutoa, ila alitaka risiti.

Ndiyo maana kisa chake na Pound kinapendeza. Mwanzoni mwa 1915 Pound aliandika makala ya kuwapiga vijembe Wamarekani wanaotumia fedha kununua miswada ya marehemu huku wasanii walio hai wakikosa mkate. Quinn akahisi anasemwa yeye. Mwingine angenuna, yeye alimwandikia Pound kujitetea, na Pound akamjibu kwa somo refu: ukinunua kwa msanii aliye hai unamnunulia muda wa kufanya kazi, na kwa hiyo unakuwa mshiriki wa kazi yenyewe. Barua za Pound kwa Quinn zimehaririwa na Timothy Materer (1991), na kwa maoni yangu hakuna mahali pengine Pound anapoonekana wa maana hivi. Humo hajiombei. Anamwombea Joyce, anamwombea Eliot, anamwombea Wyndham Lewis. Quinn akawa mkono wake upande wa pili wa bahari. Ni Quinn aliyesimamia mkataba wa The Waste Land na mchapishaji Liveright mwaka 1922, na akasaidia kupatanisha mambo na jarida la The Dial ili Eliot apate pia zawadi yao ya dola 2,000. Kwa kazi hiyo hakutoza senti. Eliot akaona njia pekee ya kushukuru ni kumpa rasimu za shairi. Quinn akazipokea kama zawadi, ila daftari la mashairi ya ujanani lililokuja nazo akasisitiza kulilipia: dola 140. Eliot akamsihi mashairi yale yasichapishwe kamwe. Yalichapishwa mwaka 1996.

Sasa tuje kwa Conrad, kwa sababu hapa mambo yanachacha.

Kuanzia mwaka 1911 Quinn alinunua miswada ya Joseph Conrad karibu kila ilipopatikana, ukiwemo wa Heart of Darkness, riwaya fupi ambayo inatuhusu sisi wa upande huu kuliko wengi wanavyokiri, maana mto ule ni Kongo na watu wale wasio na majina ni watu. Conrad alikuwa na madeni na alishukuru. Kisha, kati ya Novemba 1923 na Machi 1924, Quinn akapiga mnada maktaba yake. Miswada na vitabu vya Conrad alivyovinunua kwa takriban dola 10,000 vikaleta zaidi ya dola 110,000. Conrad hakupata kitu. Kisheria hakuna tatizo: mali imeuzwa, mali ya mnunuzi. Wakili hawezi kukosea hapo. Lakini Conrad alikuwa amefika Marekani miezi michache kabla ya mnada, katikati ya 1923, na baada ya miaka zaidi ya kumi ya kuandikiana, watu hawa wawili hawakuonana hata kwa chai. Conrad alimkwepa. Quinn aliumia sana.

Kwenye mnada huohuo muswada wa Ulysses ulikwenda kwa Dakta Rosenbach, mfanyabiashara wa vitabu wa Philadelphia, kwa dola 1,975. Joyce alikasirika, akataka kuununua tena, Rosenbach akakataa. Upo Philadelphia mpaka leo, kwenye jumba la makumbusho lenye jina lake.

Lakini karatasi ya Conrad inayonishughulisha zaidi si muswada, ni barua. Mwaka 1914 Quinn alimkaribisha nyumbani kwake Roger Casement, yule balozi mdogo wa Uingereza ambaye ripoti yake ya 1904 iliufichua unyama wa mpira na mijeledi katika Kongo ya Mfalme Leopold. Miaka miwili baadaye Casement alikamatwa kwa kutafuta silaha Ujerumani kwa ajili ya uhuru wa Ireland, akahukumiwa kunyongwa. Quinn hakukubaliana kabisa na safari ile ya Ujerumani, hata hivyo alihangaika huku na huku ili mtu yule asiuawe. Katika kipindi hicho, Mei 1916, Conrad alimwandikia Quinn kuhusu Casement. Barua ni ya baridi. Anasema kwamba tangu kule Afrika alishamwona kuwa mtu wa hisia tupu, asiye na akili ya kufikiri. Sasa linganisha na shajara ya Conrad mwenyewe ya Juni 1890, alipokutana na Casement Matadi: pale anamsifu kuwa mtu mwenye akili, mwenye maneno mazuri na moyo wa huruma. Mtu mmoja, mkutano mmoja, hukumu mbili zinazopingana. Conrad hakutia sahihi ombi la kumnusuru. Casement alinyongwa tarehe 3 Agosti.

Ningependa kila mwalimu anayefundisha Heart of Darkness aweke karatasi hizo mbili pamoja mbele ya wanafunzi. Mabishano yetu kuhusu kitabu kile yamekuwa ya kinadharia mno: je, mwandishi alikuwa mbaguzi, je, msimulizi ni mwandishi? Hapa tuna ushahidi wa jinsi mtu anavyoyapindua anayokumbuka ya Kongo pindi yanapomgharimu kitu. Na tunao kwa sababu tu kulikuwa na wakili New York ambaye hakutupa barua.

Tukubaliane basi kwamba jalada lina faida. Gharama yake je?

Mwaka 1920 serikali ililishtaki jarida la The Little Review kwa kuchapisha sura ya Ulysses iliyodaiwa kuwa chafu. Wahariri walikuwa wanawake wawili, Margaret Anderson na Jane Heap. Quinn aliwatetea bila malipo. Kesi ikasikilizwa Februari 1921, na hoja yake, wasomi wanaipenda sana kama kichekesho: kwamba maandishi haya hayaeleweki, na kisichoeleweka hakiwezi kumharibu mtu, tena mtazameni mwendesha mashtaka alivyokasirika, je, hasira ndiyo ashiki? Mahakimu wakacheka, wakawatia hatiani. Faini dola 50 kila mmoja. Mlango wa Ulysses kuchapwa Marekani ukafungwa hadi hukumu ya Jaji Woolsey mwaka 1933.

Mimi sicheki sana. Hoja ile iliikwepa kazi yenyewe. Anderson na Heap walitaka mtu asimame aseme kwamba hii ni sanaa na sanaa ina haki. Wakili wao akasema ni upuuzi usio na madhara. Na katika barua zake za wakati ule, kwa Pound hasa, anawazungumzia wateja wake hao kwa dharau ya kuchukiza, kwa sababu ni wanawake na kwa sababu ya namna walivyoishi pamoja. Kwingineko anawatukana Wayahudi na wahamiaji wa New York, yeye mtoto wa jamii ya wahamiaji wa Ireland. Haya hayakumponyoka siku moja ya homa. Yamo mwaka hadi mwaka, yametaipiwa vizuri, yamepangwa kwa tarehe.

B. L. Reid, aliyeandika wasifu mkuu wa Quinn, The Man from New York (1968, ukapata Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata), hayafichi. Ila huyataja kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha anarudi kwenye picha na mashairi. Hili ndilo kosa kubwa la kitabu ambacho kwa mambo mengine nakipenda: Reid anaamini ukarimu ni mtu wa kweli, na chuki ni uchovu wa ofisini. Ukisoma barua zenyewe unaona sauti ni moja. Yule anayejua bei ya kila kitu na nani anastahili nini ndiye yuleyule anayeamua ni watu gani hawastahili kitu. Huwezi kukata kipande kimoja ukabaki na kingine. Pound naye tunajua alikoishia na chuki zake. Inatisha kuona jinsi wawili hao walivyokuwa wakipashana moto.

Je, Quinn alitaka tuyasome haya? Hapa wosia wake una utata mtamu. Barua alizipeleka maktabani, ili zisipotee, lakini kwa masharti yaliyozuia kuchapishwa kwake hadi 1988. Soma, usinakili. Unaweza kukisia matokeo. Peter Kavanagh, ndugu wa mshairi Patrick Kavanagh, aliingia maktabani, akasoma barua, akakariri alichoweza, akatoka kwenda kuandika, akarudi tena. Mwaka 1960 akachapa kijitabu kwa mashine yake mwenyewe ya mkono. Maktaba ikampeleka mahakamani, na nakala karibu zote zikaharibiwa. Nampigia makofi kwa ujasiri, ingawa kama msomaji wa barua nisingetegemea neno hata moja lililopitia kichwani mwa mtu anayekimbia ngazi za maktaba.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tunacho cha kulinganisha, japo kwa kipimo kingine kabisa. Barua za Shaaban Robert 1931–1958, iliyotolewa na TUKI mwaka 2002, ni barua ambazo ndugu yake, Yusuf Ulenge, alizitunza. Hazikutunzwa kwa jicho la wakili. Hakuna aliyekuwa akijenga kesi. Ni ndugu aliyeona maneno ya ndugu yake ni ya thamani. Ndani yake unamsikia mtumishi wa serikali ya kikoloni akiwaza fedha, watoto na vitabu vyake, na hakuna mfadhili wa New York wa kumtumia hundi. Ningetoa majalada mengi ya Quinn ili nipate barua moja ya mtu wa aina yake kwenda kwa Shaaban Robert, ikiuliza: muswada wako unataka kiasi gani?

Kama unataka kuanza, usianze na Reid. Ni kurasa zaidi ya 600 na utakata tamaa Quinn akiwa bado kijana Ohio. Anza na kitabu cha Valerie Eliot cha rasimu. Tazama kwanza mikwaruzo ya Pound, halafu utangulizi, ambamo barua za Eliot kwa Quinn zimetumika sana. Kisha barua za Pound zilizohaririwa na Materer, taratibu, na usiruke zile zinazonuka. Reid mweke mezani kama kamusi, kwa tarehe na majina. Barua za Quinn kwa Yeats waachie wenye subira, isipokuwa zile zinazomhusu mzee na kodi ya chumba chake. Hizo zisome zote.